Nyota inayogonga: Tuwaambie nini vijana wetu kuhusu Taariq?

 

Ndugu msomaji, kwa miaka mingi sasa Waislamu tumekuwa tukisambaziana sauti moja. Zamani ilikuwa katika kanda na CD za mihadhara, leo iko kwenye simu. Ni mlio wa ko, ko, ko, mfano wa mtu anayegonga mlango. Msemaji anaeleza kuwa huo ni mlio wa nyota iliyotajwa katika Suratut-Taariq, sura ya 86, na kwamba wanasayansi wa Magharibi wameinasa kwa mitambo yao na kubaki wameduwaa.

Nakiri kuwa na mimi ni katika walioisambaza. Miaka michache iliyopita niliwasikilizisha sauti hiyo wanafunzi wa kidato cha tatu katika kipindi cha Elimu ya Dini ya Kiislamu. Darasa zima likapiga takbira. Kijana mmoja, katika wale wanaosoma masomo ya sayansi, akanyoosha mkono. Akasema: "Ustadh, Maswahaba hawakuwa na mitambo hiyo. Wao walipoisoma sura hii walielewa nini? Na hao wanasayansi wakija kubadili maneno yao kesho, sisi tutasemaje?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutazungumza kipindi kijacho, na kipindi hicho kikachelewa sana kufika, kwa sababu kwanza ilinibidi mimi mwenyewe nirudi kuwa mwanafunzi. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomjibu hatimaye. Nimeona niyatoe gazetini kwa kuwa najua swali lile linaulizwa katika nyumba nyingi za Waislamu, na pengine linakaa kifuani mwa kijana bila ya kuulizwa, na hapo ndipo penye hatari zaidi.

Nyota hizi ni kitu gani?

Tuanze na upande wa elimu ya anga. Nyota hung'aa kwa sababu ndani yake kuna joto na mgandamizo mkubwa unaounganisha viini vya atomi, na muungano huo hutoa nguvu. Nguvu hiyo husukuma kwenda nje, na uzito wa nyota huvuta kwenda ndani. Muda wote wa uhai wa nyota mambo haya mawili yako katika mizani.

Nyota kubwa, yenye uzito unaozidi wa jua letu kwa kiasi cha mara nane au zaidi, hufika siku ikajaza chuma katika kitovu chake. Kuunganisha viini vya chuma hakutoi nguvu. Mizani inavunjika, na kitovu kinajiporomokea chenyewe kwa muda usiofika hata sekunde moja. Tabaka za nje hurushwa angani kwa mlipuko unaoitwa supanova. Katika kitovu kilichoporomoka, elektroni na protoni hukandamizwa pamoja zikawa nyutroni. Kinachobaki ndicho kinachoitwa nyota ya nyutroni. Nyota kubwa mno huporomoka zaidi ya hapo zikawa mashimo meusi, lakini hayo ni maudhui ya siku nyingine.

Nyota ya nyutroni ina uzito wa kama jua moja na nusu hivi, lakini upana wake ni kiasi cha kilomita 20 tu. Ungeweza kuiweka juu ya jiji la Dar es Salaam na bado vitongoji vya pembeni vikabaki wazi. Kijiko kimoja cha chai cha kitu chake kingekuwa na uzito wa mabilioni ya tani.

Kwa nini zinazunguka kwa kasi?

Hapa ipo kanuni ambayo mtu anaweza kuijaribu ofisini. Kaa kwenye kiti kinachozunguka, nyoosha mikono huku umeshika kitabu kizito katika kila mkono, kisha mwambie mwenzako akuzungushe taratibu. Ukiwa unazunguka, vute vitabu kifuani. Utaona kasi imeongezeka bila ya mtu yeyote kukusukuma tena. Kitu kinachozunguka kikijikusanya, huongeza kasi.

Sasa tuchukue kitovu cha nyota chenye upana wa kilomita 3,000 kinachomaliza mzunguko mmoja kwa robo saa. Kikiporomoka na kufikia upana wa kilomita 20, kimepungua mara 150. Kasi ya mzunguko huongezeka kwa 150 mara 150, yaani mara 22,500. Robo saa ni sekunde 900. Gawanya 22,500 kwa 900, utapata kuwa kitu hicho kinazunguka mara 25 kwa kila sekunde moja. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu, na inatuonesha kuwa kasi hii si kioja bali ni sunna ya Allah katika maumbile, inayokwenda kwa kipimo.

Yenye kasi kuliko zote zinazojulikana ilitangazwa mwaka 2006. Inazunguka mara 716 kwa sekunde, na mtu ambaye angesimama juu ya mstari wake wa kati angekuwa anakwenda kwa karibu robo ya kasi ya mwanga. Nyota za namna hii hazikuzaliwa na kasi hiyo. Zilikuwa na nyota jirani, zikawa zinanyonya gesi ya jirani huyo, na gesi ile inayoangukia pembeni ikawa inazizungusha, kama mtoto anavyoichapa pia kwa kamba ili izidi kuzunguka.

Sumaku isiyo na mfano

Jambo la pili ni sumaku. Jua na nyota nyingine zina uga wa sumaku, na uga huo umefungamana na gesi ya nyota. Chukua chelewa za ufagio zilizotawanyika sakafuni, uzikusanye kwenye kiganja na kuzibana. Idadi ya chelewa ni ile ile, lakini sasa zimesongamana. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa uga wa sumaku nyota inapoporomoka.

Kwa vipimo, sumaku ya dunia inayogeuza dira ya mabaharia ina nguvu ya kama nusu gausi. Mashine kubwa za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku huwa na gausi 15,000 hadi 30,000, na ndiyo maana mgonjwa haruhusiwi kuingia na kitu cha chuma. Nyota ya nyutroni ya kawaida ina gausi zinazofikia trilioni moja. Na lipo kundi linaloitwa magneta, ambalo sumaku yake hufikia mara mia moja hadi mara elfu moja zaidi ya hapo. Karibu na nyota hizo hata atomi hubanwa zikapoteza umbo lake zikawa nyembamba kama sindano.

Mzunguko na sumaku vikikutana ndipo tunapata ule mpigo. Katika ncha za sumaku za nyota hutoka miale ya mawimbi ya redio. Ncha hizo kwa kawaida hazikai sawa na mhimili wa mzunguko, hivyo miale huzunguka kama taa ya mnara wa kuongozea meli. Nahodha aliye baharini huiona taa ikiwaka na kuzima, ilhali taa yenyewe haijazima hata mara moja. Na sisi kila miale inapopita usawa wa dunia, mitambo hunasa mpigo mmoja. Nyota ya namna hiyo huitwa pulsa. Sumaku hiyo hiyo nayo hufanya kazi ya breki. Inachukua nguvu ya mzunguko na kuitawanya angani, na nyota inapungua kasi kidogo kidogo.

Bila shaka msomaji ameshaona tatizo la ile sauti ya kwenye simu. Angani hakuna hewa, na sauti haisafiri pasipo hewa au kitu kingine cha kuibeba. Kilichonaswa ni mawimbi ya redio. Mafundi wameyapitisha kwenye spika yakawa mlio, kama redio yako ya nyumbani inavyofanya. Hakuna aliyeisikia nyota ikigonga.

Binti mwenye karatasi

Tuangalie sasa nyota hizi zilivyopatikana. Mwaka 1934 wanasayansi wawili waliokuwa Marekani, Walter Baade na Fritz Zwicky, walitoa rai kuwa huenda supanova huacha nyota ya nyutroni. Ilikuwa miaka miwili tu tangu nyutroni yenyewe igunduliwe na James Chadwick. Kwa zaidi ya miaka 30 rai ile ilibaki kwenye vitabu.

Mwaka 1967 Bi Jocelyn Bell, binti wa miaka 24 kutoka Ireland ya Kaskazini, alikuwa akisomea shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, chini ya mwalimu wake Antony Hewish. Alishiriki kwa mikono yake kuijenga darubini ya redio iliyotapakaa katika shamba la zaidi ya ekari nne, nguzo kwa nguzo na waya kwa waya. Mtambo ulichora mistari kwenye karatasi, kiasi cha mita 30 kila siku, na kazi yake ilikuwa kuisoma karatasi yote kwa macho. Katika mamia ya mita za karatasi aliona alama ndogo, kama upana wa kidole, ambayo hakuielewa. Angeweza kuipuuza, lakini aliifuatilia. Tarehe 28 Novemba 1967 aliuharakisha mwendo wa karatasi, na alama ile ikajitenga na kuwa mipigo iliyopangika, mmoja kila baada ya sekunde 1.33 hivi.

Kwa mzaha waliipa jina la viumbe wadogo wa kijani, kwani ilifikiriwa labda ni ishara kutoka kwa viumbe wa sayari nyingine. Kabla ya mwaka kwisha Bi Bell akapata nyingine upande tofauti wa anga, na dhana ya viumbe ikafa. Habari ilichapishwa Februari 1968, na mwaka huo huo Thomas Gold akaeleza kuwa hizo ni nyota za nyutroni zinazozunguka. Nishani ya Nobel ya mwaka 1974 alipewa mwalimu wake pamoja na Martin Ryle, yeye hakutajwa. Mwaka 2018 alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, alizitoa zote zisomeshe fizikia wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma, wakiwemo wakimbizi.

Ndugu zangu, katika kisa hiki tuchukue funzo. Dada huyu hakuwa Muislamu, wala hakuwa akitafuta Taariq. Alikuwa mwaminifu kwa kazi yake, hakupuuza alama ndogo. Sisi tulikuja baadaye, kazi ikiwa imekwisha, tukachukua sauti na kuiwekea takbira.

Wanazuoni walisema nini?

Turudi kwenye swali la yule kijana: Maswahaba walielewa nini? Jibu ni kwamba walielewa vizuri kabisa. Neno taariq linatokana na taraqa, kupiga au kugonga, na nyundo kwa Kiarabu ni mitraqa. Mwarabu alimwita taariq mtu anayefika usiku, kwa kuwa hukuta milango imefungwa na hulazimika kugonga. Katika hadithi aliyoipokea Jabir (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amemkataza msafiri kuwavamia watu wa nyumbani kwake usiku baada ya kutokuwepo kwa muda mrefu, na kitendo hicho cha kuingia usiku kimetajwa kwa neno la asili hiyo hiyo.

Kwa hiyo nyota imeitwa Taariq kwa kuwa ni mgeni wa usiku, hudhihiri usiku na kufichika mchana. Hivyo ndivyo alivyoeleza Qatada katika wafasiri wa mwanzo. Kisha sura yenyewe ikabainisha kuwa ni nyota yenye kupenya, yaani mwanga wake unalitoboa giza. Wapo wafasiri waliosema ni Thurayya, ambazo kwa Kiswahili tunaziita Kilimia. Wapo waliosema ni Zuhali. Na wapo waliosema ni jina la jinsi, linaingia kila nyota ing'aayo usiku.

Zingatia, ndugu msomaji, kuwa wametofautiana na hakuna aliyemkufurisha mwenzake, kwa sababu walijua mahali uzito wa sura ulipo. Kiapo kile kina jibu lake. Allah anaapa kwa mbingu na kwa nyota hiyo ili kuthibitisha kuwa kila nafsi ina mwenye kuichunga, kisha anamtaka mwanadamu atazame ameumbwa kwa kitu gani, ajue kuwa aliyemuumba ana uwezo wa kumrejesha siku ambayo siri zitafichuliwa. Mtu akibaki anabishana juu ya jina la nyota huku rushwa iko mfukoni na haki za yatima ziko nyumbani kwake, Suratut-Taariq haijamfikia.

Je, ni haramu basi kuitaja pulsa tunapoisoma sura hii? Hapana. Ikiwa Taariq ni jina la jinsi, hata nyota za nyutroni ni katika nyota za Allah, na kuzitafakari ni ibada. Lakini iko tofauti kubwa kati ya kusema "hii inanikumbusha uwezo wa Allah" na kusema "hii ndiyo maana ya aya." Usemi wa kwanza ni tafakuri. Wa pili ni kumsemea Allah, na hilo linahitaji dalili. Pulsa haionekani kwa macho matupu usiku. Tukisema Qur'an ilikusudia hiyo peke yake, tumedai kuwa umma mzima kuanzia zama za Mtume (s.a.w.) mpaka mwaka 1967 haukuielewa sura ya Makka ambayo watoto wa madrasa huihifadhi.

Na hatari ya pili ni ile aliyoiona kijana: elimu ya sayansi hujirekebisha kila siku, na hiyo ndiyo sifa yake. Ukiifunga aya kwenye rai ya mwanasayansi, siku rai ikibadilika kijana ataona kuwa aya ndiyo iliyoanguka.

Mfano wa mwaka 2004

Tarehe 26 Desemba 2004 lilitokea tetemeko la Sumatra na tsunami iliyoua watu wengi katika Bahari ya Hindi. Mawimbi yalifika mpaka Somalia na hata pwani yetu, na wako waliozama hapa Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia tarehe 28 kwa saa zetu, mwanga wa gama wenye nguvu ya ajabu kutoka magneta moja ulifika duniani. Kwa muda wa chini ya sekunde moja nyota ile ilitoa nguvu ambayo jua letu lingehitaji zaidi ya miaka 100,000 kuitoa. Ulitikisa hata tabaka la juu la anga la dunia, upande wa Bahari ya Pasifiki ambako kulikuwa mchana, pamoja na kuwa magneta yenyewe iko mbali kwa makumi ya maelfu ya miaka ya mwanga.

Wako waliosema kuwa nyota ile ndiyo iliyoleta tsunami. Lakini tazama tarehe. Tetemeko lilitangulia kwa karibu siku mbili, na hakuna mwale unaotangulia mwanga. Muislamu aliyefundishwa kuhakiki habari, kama wanazuoni wetu walivyohakiki isnadi za hadithi, alipaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo.

Tulikuwa na macho

Mwaka 1054 ilionekana supanova katika kundi la nyota la Ng'ombe. Wachina waliiandika, na iliangaza hata mchana kwa siku 23. Katika nchi za Waislamu aliitaja Ibn Butlan, tabibu Mkristo wa Baghdad, akaitia katika mwaka 446 Hijria, na Ibn Abi Usaybi'a akaihifadhi habari hiyo katika kitabu chake cha historia ya matabibu. Mwaka 1968 pulsa iligunduliwa mahali pale pale, inazunguka mara 30 kwa sekunde na kupungua kasi kwa sehemu 36 hivi za bilioni moja ya sekunde kila siku. Miaka 90 kabla ya mlipuko huo kuonekana, mwaka 964, Abdur-Rahman as-Sufi alikuwa ameshaandika kitabu chake cha nyota, na hadi leo dunia nzima inaziita nyota nyingi kwa majina ya Kiarabu.

Leo Afrika Kusini ina MeerKAT, darubini ya redio yenye madishi 64 iliyozinduliwa mwaka 2018, na moja ya kazi zake ni kuzipima pulsa. Kenya imo katika nchi za Afrika zinazoshirikiana katika mradi mkubwa zaidi wa darubini za namna hiyo. Nafasi zipo. Swali ni kama watoto wetu watakuwa na fizikia na hisabati za kuzikamata, au watabaki kupokea sauti kwenye simu.

Nawaomba walimu wenzangu wa dini: kabla ya kusambaza habari ya "muujiza wa kisayansi", muulizeni kwanza mwalimu wa fizikia, na mfungueni tafsiri. Mkikosea, rudini darasani mseme mmekosea. Mimi nilirudi, na nikamwambia kijana yule mbele ya wenzake kuwa swali lake lilikuwa sahihi kuliko jibu langu. Heshima yangu haikupungua kwa alivyonitazama. Na ninyi wazazi, binti yenu akisema anataka kusoma sayansi, msimvunje moyo.

Usiku wa leo, umeme ukikatika na mtaa ukawa giza, toka nje uitazame nyota yoyote inayopenya. Kisha kumbuka kilichoapiwa kwayo: yuko anayekuchunga.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na ukweli katika kuifikisha. Wabillahi tawfiiq.